Kisu cha babu mchunaji na kile "cha Hemingway": nisaidieni kabla ya Ijumaa

Mwende_wa_Umoja

Hamjambo wadau. Nina visu viwili vinavyoninyima usingizi, kimoja changu na kingine bado hakijawa changu.

Changu ni cha babu mzaa mama. Alikuwa mchunaji kwenye kambi za uwindaji, pande za Makindu hadi Voi, mpaka serikali ilipopiga uwindaji marufuku mwaka 1977. Akarudi shambani, kisu kikawa cha mbuzi wa Krismasi. Mwaka huu mjomba amenikabidhi mimi kwa sababu wavulana wote walitaka redio. Ubapa ni mwembamba, umepinda kuelekea ncha, umekuwa wa kijivu unaokaribia weusi, na pale unapoingia kwenye mpini kuna madoa mekundu ya kutu. Mpini ni mweupe uliogeuka manjano. Ribiti mbili, ile misumari inayoshikilia mpini, ni za kawaida, ya tatu naona ni kipande cha waya wa shaba kilichogongwa huku na huku. Kuna maandishi yaliyofifia: nasoma SHEFFIELD, na chini yake kitu kama ENG. Ala yake ya ngozi imekakamaa na mshono umeachia upande mmoja.

Cha pili nimeonyeshwa na jamaa anayezungusha vitu vya kale pale mjini. Anasema ni Puma White Hunter, kazi ya Ujerumani, mpini wa pembe, tena kilikuwa cha Hemingway mwenyewe, yule mwandishi wa Marekani, alipokuja Kenya kuwinda. Kwenye kile chuma kinachokinga vidole kuna namba imegongwa, na jamaa anasema hiyo ndiyo namba ya leseni ya Hemingway. Anataka elfu kumi na nane. Karatasi hana. Kuna Mzungu anakisubiri, ati, kwa hiyo niamue kabla ya Ijumaa.

Sasa nauliza. Jirani yangu ana kibanda cha kuchomelea pale Mutindwa, ameahidi kukipitisha kisu cha babu kwenye grinda king'ae kama kipya, kwa mia tatu tu. Nimpe? Huo mpini mweupe ukiwa pembe ya ndovu, niko kwenye shida na serikali? Na hicho cha elfu kumi na nane, ninunue au nauziwa mbuzi kwenye gunia? Nimeanza kuuonja huu ugonjwa wa visu vya zamani na ninajua kitakuja cha tatu, kwa hiyo nifundisheni mapema.

Njoro_wa_Gikomba

Dada, grinda USITHUBUTU.

Na huyo wa Hemingway, ukifika Ijumaa utamkuta bado anakisubiri huyo Mzungu wake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Fundi_Ala

Dada Mwende, salamu kutoka Kariokor. Mimi ni fundi wa ngozi. Viatu ndivyo vinavyonilipia kodi, lakini wenye visu vya zamani huniletea ala zilizochoka niwashonee, na kwa njia hiyo nami nikaambukizwa. Nina vyangu kwenye sanduku. Sisemi vingapi, mama watoto anaweza kuwa anasoma hapa.

Nianze na grinda ili tuimalize. Jirani mwambie asante, na hiyo mia tatu kanunue mafuta ya cherehani. Ubapa mwembamba namna hiyo ukiguswa na jiwe linalozunguka kasi unapata moto kabla hujapepesa macho. Utaona pale kwenye makali rangi inageuka kahawia ya majani makavu, halafu buluu. Ikishafika buluu, ule ugumu uliowekwa na fundi wa Sheffield umeondoka, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Kitakata nyanya leo, kesho kimelala. Pili, hayo maandishi yaliyofifia yatakwenda na vumbi, na bila maandishi una kipande cha chuma kisicho na kwao. Tatu, ule ukijivu anaotaka kuuondoa ndio wenye thamani.

Hebu niueleze ukijivu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibu mali. Visu vya zamani vingi ni vya chuma cha kaboni. Hicho chuma hubadilika rangi kila kinapokutana na damu, nyama, embe bichi, jasho. Kwa miaka mingi kinajenga utando wa kijivu, mahali pengine una buluu ndani yake, na utando huo unakisaidia kisishambuliwe haraka. Kutu nyekundu ni jambo lingine, ile inakula. Namna ya kuzitofautisha: chukua kitambaa cheupe, tia tone la mafuta, futa. Kitambaa kikitoka na rangi ya matofali, hapo pana kutu hai. Kikitoka na uchafu mweusi kidogo tu, acha palivyo.

Hayo madoa mekundu yapake mafuta ya taa, yaache yalale usiku mzima, kisha tafuta ile senti kumi ya zamani ya shaba, yenye tundu katikati, ya enzi za mkoloni. Kila familia inayo moja kwenye kopo la vifungo. Kwangua kutu kwa ukingo wa senti, polepole. Shaba ni laini kuliko chuma cha kisu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kukwaruza ubapa. Usitumie msasa hata wakikuambia ni laini. Ukimaliza, futa, paka mafuta ya cherehani mepesi kabisa. Mafuta ya nazi na ya kupikia usiyatumie, yanaganda na kuchacha.

Sasa chapa. Neno England kwenye ubapa lina maana yake. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, ndipo mafundi wa Sheffield, ambao zamani waliona jina la mji linatosha, wakaanza kuongeza England. Waingereza nao walikuwa wameshawafanyia Wajerumani hivyo hivyo kwa sheria ya 1887, ndiyo maana ukaona Made in Germany. Na ukikuta W. Germany, hiyo ni ile nchi ya magharibi iliyokuwepo kuanzia 1949 hadi Wajerumani walipoungana 1990. Basi cha babu, chenye hilo ENG, huenda si cha kabla ya 1890 hivi, na kwa kuwa kimebadilika rangi hivyo si kile chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikigundua hapo hapo Sheffield mwaka 1913. Lakini usidhani kila kisu cha baada ya 1913 hakishiki kutu. Wachinjaji waliendelea kupenda kaboni kwa miaka mingi kwa sababu inanoleka kirahisi.

Kusoma jina lililofifia: ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, ilaze pembeni ili mwanga upite juu ya ubapa kwa ubavu. Vivuli vitaanguka ndani ya herufi. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba juu yake usugue kwa penseli laini. Ukiona nyota na msalaba wa Malta, huyo ni Joseph Rodgers. I*XL ni George Wostenholm. Maneno I Cut My Way ni William Rodgers, yule wa visu vya skauti vyenye mpini wa pembe ambavyo bado vinajitokeza kwenye minada ya nyumba za zamani Karen. Wengi huviita vya uwindaji. Ni visu vizuri, lakini vingi havikuona mnyama mkubwa kuliko sungura.

Mpini. Usichome sindano ya moto kama utakavyoshauriwa na mtu hapa chini, nakuhakikishia atatokea. Ukiwa wa seluloidi utawaka mkononi mwako. Angalia kitako cha mpini kwa kamera ya simu, uvute picha karibu. Vitundu vidogo vyeusi au mistari mifupi ya vumbi: mfupa, pengine ng'ombe au ngamia. Mistari iliyonyooka, sambamba, iliyopangwa vizuri kupita kiasi: seluloidi, aina ya plastiki ya zamani iliyotengenezwa iigize pembe ya ndovu. Mistari inayokatana kwenye kitako, yenye vipembe vidogo kama wavu: hiyo ni pembe ya ndovu, na hapo acha kupiga picha uongee na wanaojua sheria.

Hicho cha Hemingway kimenichekesha. Puma ya Solingen, mji wa Ujerumani, White Hunter, namba ya modeli 6377, ni kisu cha kweli na kizuri. Kilitoka miaka ya 1950, mgongo wake una sehemu nene ya kukatia mfupa au vijiti. Lakini Puma walianza kugonga namba za utengenezaji kwenye kikingio cha vidole mwaka 1964. Kutokana na namba hiyo unajua kilitengenezwa lini, haina uhusiano na leseni ya mtu. Hemingway aliwinda huku mara mbili, 1933 hadi 1934 na tena 1953 hadi 1954, na alifariki Julai 1961. Sasa mwulize huyo jamaa, marehemu alikuja kukichukua saa ngapi?

Hilo halimaanishi kisu ni kibaya. Kama ni Puma halisi, elfu kumi na nane si wizi. Tafuta kwenye ubapa kidoa kidogo kilichobonyea, kama ncha ya kalamu. Ni alama ya kupima ugumu. Puma walipima kila kisu na wakaacha alama hiyo. Mpini uwe pembe ya sambar, mnyama wa India mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota tena, kwa hiyo si nyara ya mnyama wetu. Lakini uangalie pia kama si toleo la siku hizi la bei nafuu, maana Puma wana visu vya ubapa wa Solingen vinavyounganishwa China. Lipa bei ya chuma, hadithi mwachie mwenyewe.

Mwisho, na hili ndilo ninalobishana na wakusanyaji wenzangu kila siku. Nairobi watu wanakimbilia kisu cha bwana. Chama cha wawindaji wa kulipwa kilianzishwa hoteli ya Norfolk mwaka 1934, kikavunjwa 1977, na katikati yake yamening'inia viunoni visu vingi vya kupendeza. Bwana alikitumia kukata kamba na kufungua mkebe. Kisu kilichofanya kazi kilikuwa mkononi mwa mchunaji, na mara nyingi kilikuwa kisu cha bucha kisicho na mapambo. Angalia cha babu yako. Umesema kimepinda kuelekea ncha. Tumbo hilo la duara ndilo linalotenganisha ngozi na nyama bila kutoboa, na ngozi ya mnyama wa mteja wa Texas ikitobolewa shavuni mchunaji hakulala vizuri. Alichana midomo kwa ndani, akageuza masikio ndani nje, akatia chumvi kila kona kabla nywele hazijaanza kung'oka. Kazi hiyo huifanyi kwa kisu kinene cha dukani.

Pima upana wa ubapa pale karibu kabisa na mpini, ambapo kinoo hakifiki, halafu pima katikati. Utupe majibu.

Mstaafu_Langata

Fundi ameeleza vizuri, niongeze upande wa sheria, maana nilifanya kazi ya wanyamapori kabla ya kustaafu na najua watu wanavyojiingiza.

Binti yangu, sheria ya wanyamapori ya 2013 haiangalii kama ulirithi, ulinunua au uliokota. Ukiwa na nyara ya mnyama wa porini bila kibali, umekosa, na faini zake si za maelfu. Pembe ya ndovu na ya kifaru ndizo zinazojulikana, lakini kwenye visu vya zamani nimeona mambo mengi: mpini wa jino la kiboko, wa pembe ya ngiri, ala iliyofunikwa ngozi ya chui au ya mamba, kitako kilichofungwa nywele za mkia wa ndovu. Zote ni nyara. Biashara ya vitu hivyo ilipigwa marufuku mwaka mmoja tu baada ya uwindaji, na nchi hii ilichoma tani 12 za pembe mwaka 1989, ikachoma 105 mwaka 2016. Usidhani kampini kako ni kadogo mno kuonekana.

Ukipata shaka, nenda makao makuu ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, barabara ya Lang'ata, ukaeleze kabla hujaulizwa. Anayekwenda mwenyewe hupokewa tofauti na anayefuatwa. Na tafadhali usikitangaze mtandaoni kinauzwa huku ukijisifia mpini.

Jambo la pili: usitembee na kisu mjini. Kusema "ni cha kale" hakumlainishi polisi wa saa mbili usiku pale Muthurwa hata kidogo. Ukilazimika kukisafirisha, kifunge kwa kitambaa na kamba, kiweke chini kabisa ya begi, mchana.

Njoro_wa_Gikomba

Mzee umesema kweli hapo kwa polisi.

Niongeze kuhusu za kuzeeshwa, sisi tunaona zinapotengenezewa. Mtu anachukua kisu kipya, anakiloweka usiku kwenye siki au maji ya betri, asubuhi kina miaka themanini. Utakijua namna hii: uzee wake uko sawasawa kila mahali. Kisu cha kweli hakizeeki sawasawa. Karibu na makali kinakuwa cheupe kwa sababu ya kunolewa, mahali kinaposuguana na ala kinakuwa laini, na pale karibu na mpini, ambapo kitambaa hakiingii, ndipo pachafu zaidi. Angalia na maandishi. Chapa ya zamani iligongwa kwa nyundo au mashine, chuma kikasukumwa, ukipitisha ukucha unasikia kingo. Hizi za sasa zimechomwa kwa leza, ni bapa kabisa, na kuna moja nimeona wameandika SHEFEILD.

Mwende_wa_Umoja

Asanteni sana, yaani nimekaa na tochi mpaka bundi wakanisalimia.

Nilianza na kitako cha mpini. Vitundu vidogo vyeusi, vingi, kama mtu amechoma kwa ncha ya pini. Kwa hiyo mfupa! Mzee Mstaafu, nimepumua.

Tochi ya pembeni haikunipa jina lote, ila penseli imefanya kazi. Nimepata I. WILSON, chini yake SYCAMORE halafu herufi mbili, chini SHEFFIELD, chini ENGLAND. Upana karibu na mpini ni milimita 34, katikati ni 23.

Mpini nimeugeuza tena. Upande wenye ule waya wa shaba, mfupa wake ni mweupe zaidi na una mikwaruzo ya tupa, upande mwingine umelainika kabisa. Na upande huo mpya kuna vikato vidogo vimechongwa kwa mstari, vinane. Mjomba hajui ni vya nini, anasema labda ni wanyama, labda ni mishahara ambayo hakulipwa.

Jamaa wa mjini nilimpigia nikamtajia 1964 na 1961. Akanyamaza kidogo. Sasa kisu kilikuwa cha rafiki ya Hemingway, na bei ni elfu kumi na mbili.

Sanduku_la_Chuma

Nimekusanya visu muda mrefu na nitasema lisilopendeza. Hongera kwa Wilson, ila mpini uliobadilishwa upande mmoja na ribiti ya waya umekiondolea kisu thamani yake ya mkusanyaji. Kisu cha kukusanya kinatakiwa kiwe kilivyotoka kiwandani: mpini wake, ala yake, makali yake ya kwanza ikiwezekana. Milimita 11 za ubapa hazipo tena. Kiweke kama kumbukumbu ya familia, pesa zako peleka kwenye Puma. Hiyo ina namba, ina tarehe, na siku ukitaka kuiuza utapata mnunuzi hata nje ya nchi.

Fundi_Ala

Sanduku, tunaheshimiana, lakini hapo umekosea na nitakueleza ni wapi.

Ukitaka visu ambavyo havijafanya kazi, viko vingi. Vimelala kwenye droo tangu siku vilipotolewa zawadi, na vyote vinafanana. I. Wilson ni John Wilson wa Sheffield, mtengenezaji wa visu vya bucha ambavyo viliuzwa hata kwa wafanyabiashara wa manyoya Amerika Kaskazini. Herufi I hapo ndiyo J ya zamani. Ukitafuta Wilson kisafi utakipata kwenye mnada wa mtandaoni wiki hii hii. Lakini Wilson kilichopelekwa Makindu, kikachuna, kikavunjika mpini porini, kikatengenezwa hapo hapo kambini na mtu aliyekuwa na mfupa wa ng'ombe, tupa na waya wa shaba, hicho utakinunua wapi? Hayo matengenezo si dosari iliyokuja baadaye. Ni ya wakati wake na kazi yake. Kisu kilichobadilishiwa mpini juzi na muuzaji ili kipendeze, hapo nitakubaliana nawe, kitupe.

Dada Mwende, angalia huo waya vizuri. Kama vichwa vyake vimepigwa vikaenea kama uyoga na kingo zake zimelainika kwa kushikwa, basi ni wa siku nyingi. Kama bado vina makali yanayokwaruza kidole, kuna mtu alikitengeneza karibuni, mwulize mjomba. Milimita 11 nazo zisikutie huzuni. Ubapa uliopungua sawasawa hivyo, bila mawimbi na bila kona, umenolewa na mtu aliyejua. Mchunaji mbovu huacha shimo karibu na mpini kwa sababu anabonyeza kinoo mahali pamoja.

Sasa turudi kwenye ngozi, ndiyo kazi yangu. Mimi kisu hukisoma kuanzia ala, kwa sababu watu wanaodanganya kuhusu chuma husahau uzi. Tazama mshono pande zote mbili. Ukifanana mbele na nyuma, na matundu yamelala upande kidogo, umeshonwa kwa mkono, sindano mbili na msharasi. Mashine huacha upande wa nyuma tofauti. Kisha chukua nyuzinyuzi moja iliyokwisha kukatika yenyewe, usikate nyingine, uichome nje ya nyumba. Ikiyeyuka ikawa kitone kigumu, ni nailoni, na nailoni haikuwepo kabisa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1930. Ikiwaka ikaacha jivu laini, ni pamba au kitani. Ala ya uzi wa nailoni inayodaiwa ni ya 1920 nimeletewa zaidi ya mara moja, na mwenye nayo ananikasirikia mimi.

Na kuanzia leo, tafadhali, kisu na ala vilale vyumba tofauti. Ngozi huvuta unyevu, na ina chumvi na asidi za kuidabaghia. Kisu kikikaa ndani yake msimu wa mvua za Aprili, au Julai hii yetu ya baridi, ubapa unaota kutu upande usiouona. Kama kwenye ribiti kuna ule ute wa kijani, huo ni mafuta ya ngozi yaliyokutana na shaba. Uondoe kwa kijiti cha mti, si kwa chuma. Kisu kifunge kwa pamba iliyopakwa mafuta ya cherehani, ukifungue kila mwezi ukiangalie. Ala ipake nta ya nyuki kidogo tu. Usiiloweke mafuta ili ilainike. Ikishalowa hivyo hailindi umbo, na mimi siwezi kuisaidia.

Puma kwa elfu kumi na mbili, ukiona kile kidoa cha kupimia na namba ambayo haijachezewa, nunua. Mwambie akuandikie risiti yenye jina lake, na asiandike Hemingway.

Sanduku_la_Chuma

Risiti yenye Hemingway ningeinunua mimi peke yake, niiweke kwenye fremu.

Kuhusu mpini, bado sijakubali, lakini hoja ya waya nimeielewa. Mwende, ukiamua kumwita mtu akubadilishie huo mpini wa mfupa, kuna mafundi wazuri wa mifupa ya ng'ombe Kibera... basi, nimenyamaza, Fundi asije akanitafuta.

Mwende_wa_Umoja

Haubadilishwi. Vichwa vya waya vimelainika, nimepitisha kidole mara kadhaa. Uzi wa ala umeacha jivu. Senti kumi imepatikana kwa shangazi, kwenye kopo la vifungo, kama ulivyosema.

Puma: kidoa kipo, kidogo, upande wa kushoto. Namba iko safi. Nimemwambia elfu kumi na risiti. Anasema nimekuwa mjuaji tangu Jumanne.

Fundi, ala ya babu unaweza kuirudishia mshono bila kuifanya mpya?

Fundi_Ala

Naweza, kwa matundu yale yale na uzi wa kitani, nyuzi nzima zilizobaki sizigusi. Njoo siku yoyote isipokuwa Jumapili, ukiingia sokoni uliza fundi wa ala, ukionyeshwa wa viatu ndiye huyo huyo. Lete ala peke yake. Kisu kiache nyumbani, chora umbo lake kwenye karatasi kwa penseli, ukizungushia ubapa na mpini, nitashona kufuata mchoro.

Kabi_88

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi sina kisu, nina panga la marehemu baba, lina picha ya mamba na limeandikwa Martindale Birmingham. Nalo ni la kukusanya au ni panga tu?

Fundi_Ala

Ni panga, na ni la kukusanya. Martindale walitengeneza mapanga Birmingham na kuyauza makoloni mengi, mamba ndiyo chapa yao. Grinda usilipeleke. Fungua uzi wako, weka picha ya chapa na ya mpini, tochi iwe pembeni.